Kukopa Tumboni

Daktari alilibana tumbo langu chini ya kitovu, akalivuta kidogo kama fundi cherehani anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Mama, hapa ipo ya kutosha," akasema. Nikacheka. Miaka kumi na tano nimegombana na hilo tumbo, leo naambiwa ni mali.

Alikuwa ananieleza upasuaji wa kuunda titi upya kwa nyama ya mwili wangu mwenyewe. La kushoto liliondoka miaka mitatu iliyopita kwa saratani. Akachukua karatasi, akachora. Wanakata kipande cha ngozi na mafuta kutoka nyonga hadi nyonga, wanakitoa pamoja na mishipa yake ya damu, wanakipandisha kifuani, halafu wanaiunga ile mishipa na ya kifuani huku wakitazama kwa hadubini, maana ni myembamba mno. Msuli wa tumbo unabaki mahali pake, ingawa kuna aina nyingine, ya zamani zaidi, inayouchukua nao. Unalala mezani saa sita hadi nane, wakati mwingine zaidi. Siku ya kwanza wauguzi wanakuja karibu kila saa kuangalia rangi na joto la kile kipande, kwa sababu damu ikiganda pale ilipoungwa, nyama inakufa, na wewe unarudishwa mezani mbio mbio. Mara nyingi mambo huenda vizuri. Yasipoenda, unabaki na makovu mawili na titi huna.

Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yamenikalisha hapa kuandika: "Uzuri wake ni kwamba hii ni ya asili. Ni wewe mwenyewe."

Kitabibu alikuwa sahihi. Mfuko wa silikoni haudumu maisha yote, huenda ukahitaji kubadilishwa, na ngozi iliyopigwa mionzi kama yangu haielewani nao vizuri. Nyama yako inazeeka na wewe. Ukinenepa inanenepa, ukikonda inakonda. Lakini hilo neno "asili" lina ujanja wake. Linakufanya udhani titi linarudi, na titi halirudi. Kinachokuja ni tumbo lililohamishwa na kushonwa kwa umbo la titi. Chuchu itafinyangwa kwa ngozi, au itachorwa kwa wino. Na neva zimekatwa. Wapo wanaorudiwa na hisia kidogo baada ya muda, wapo wengi wanaobaki na ganzi. Nikamuuliza: nikimkumbatia mwanangu, nitamhisi?

Akanyamaza kidogo. "Utamhisi kwa upande wa kulia."

Tangu hapo swali langu si la usalama tena, hilo nimwachie yeye na vipimo vyake. Swali ni hili: titi linaloonekana lakini halihisi, ni la nani?

Wasomaji wa vitabu mtakuwa mmeshamkumbuka Audre Lorde. Mshairi huyo Mmarekani mweusi alikatwa titi mwaka 1978, na miaka miwili baadaye akatoa The Cancer Journals. Ndani yake anasimulia alivyokwenda kwa daktari siku chache baada ya upasuaji, bila kuvaa titi la bandia, na muuguzi akamwambia kwamba kukaa hivyo kunavunja moyo wa watu pale ofisini. Lorde aliwaka. Akatoa mfano wa Moshe Dayan, mwanajeshi wa Israeli aliyepoteza jicho vitani: hakuna aliyemwambia avae jicho la kioo ili watu wasione haya. Mwanamume akipoteza kiungo ni shujaa, mwanamke anaambiwa jifiche. Na mkijificha wote, anasema, mtajuanaje? Hakuwasamehe hata madaktari wa silikoni.

Nilikisoma kitabu hicho kabla sijaugua, nikakipenda kama mtu anavyopenda hotuba nzuri. Nilipokirudia nikiwa na kovu, niligombana nacho. Mtaani kwetu, mwanamke mwenye kifua cha upande mmoja hawaiti wenzake kwenye mapambano. Anazua umbea, basi. Mwaka juzi kwenye harusi ya mpwa wangu nilivaa sidiria yenye sponji niliyoikata mwenyewe. Katikati ya kucheza sponji ikapanda hadi karibu na bega, nami sikujua mpaka shangazi mmoja akanivuta pembeni na kuirudisha chini kwa mkono wake, bila neno, kama anayemfuta mtoto kamasi. Lorde angesema tatizo ni sponji. Mimi usiku ule niliona tatizo ni kwamba nilikuwa nimesahau, nimefurahi, na mwili ukanikumbusha mbele za watu.

Tena, Lorde anazungumza kana kwamba macho yote yanayotutazama ni ya wengine. Kioo cha chumbani kwangu ni cha nani? Mimi ndiye ninayejitazama kila asubuhi. Siwezi kuapa kwamba macho haya hayakufundishwa na picha, na wanaume, na nyimbo. Lakini hata ulimi wangu ulifundishwa, na bado nauita wangu. Shaaban Robert alipotaka kuisifu lugha yake aliifananisha na titi la mama. Hakuchagua goti wala kiwiko. Tumelipa titi kazi nyingi mno za maana, halafu tunamshangaa anayelililia.

Lipo jambo lililonisumbua kuliko Lorde. Nilipokuwa napigwa mionzi pale Ocean Road, wiki kadhaa niliketi benchi moja na mama mmoja kutoka Kigoma. Yeye aliuza mbuzi kupata nauli. Alifika amechelewa, kidonda kimeshafunguka. Hakuna daktari aliyembana tumbo yule mama kumwambia ipo ya kutosha. Kila nikitaka kuamua namwona. Nimejiambia kwamba kukataa kwangu hakutampa yeye chochote, na ni kweli, ila ni ukweli ambao haunipi usingizi. Kuna kutaka vitu ambako si dhambi, na bado unaona haya kukutamka.

Basi nikatafuta sababu nzuri ya kukataa, na nilikuwa nayo nyumbani. Mama yangu alipata kiharusi, upande wake wa kulia umelegea. Asubuhi na jioni namnyanyua mimi, kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha kuogea. Daktari amesema baada ya upasuaji huu, takriban wiki sita hakuna kunyanyua kitu kizito, hata ndoo ya maji, maana tumbo limeshonwa. Nani atamnyanyua mama? Jibu likawa safi kabisa. Nikawaambia watu wote: ningetaka, lakini mama. Mume wangu alikuwa ameshasema, "Uamuzi ni wako." Alilisema kwa upendo, nami nalichukia hilo neno mpaka leo. Maisha yangu yote wameamua wengine, mpaka shule ya kusoma. Uamuzi wa kwanza kuachiwa peke yangu ni huu, na kila mtu karudi nyuma hatua mbili kunipisha.

Dada yangu wa Tanga ndiye aliyemwambia mama. Jumamosi moja namwogesha, nimeinama, kanga imelegea, kovu liko mbele ya macho yake kama kila siku. Maneno yake sasa hutoka polepole, moja moja.

"Usinifanye mimi kisingizio," akasema.

Nikajifanya natafuta sabuni.

"Kama unaogopa, sema unaogopa. Kama hulitaki, sema hulitaki. Mimi nitanyanyuliwa na yeyote."

Sikumjibu. Nilimkausha, nikamvalisha, nikaenda kusimama uani kwenye kamba ya nguo muda mrefu kuliko nguo zilivyohitaji. Aliposema "kama hulitaki," nilikuwa nimeshajua kwamba nalitaka. Si kwa ajili ya mume wangu, si kwa ajili ya harusi. Nataka kuvaa asubuhi bila kupanga. Nataka kusahau, kama nilivyosahau pale kwenye ngoma kabla ya sponji kupanda. Ni tamaa ndogo kwa gharama kubwa, na inaombwa kwenye tumbo ambalo halijakosa kitu, lililobeba watoto watatu. Kwamba hilo titi halitahisi, nalijua. Nitalihisi kwa kiganja.

Na naogopa. Nimemwambia mama hilo pia.

Juzi nilimpigia daktari nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ya kwanza: amefanya wangapi, na wangapi walikataa kushika. Akanitajia, bila kuzungusha. Akasema pia kwamba hakuna haraka, wengine hufanya baada ya miaka mingi, na kwamba kwanza lazima nipigwe CT ya tumbo kuona mishipa ilivyokaa. Isipofaa, mazungumzo haya yote yanaisha hapo. Ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Dada anaingia Jumapili na basi la Tanga. Kabla sijaondoka nimfundishe jinsi ya kumshika mama chini ya kwapa, siyo mkononi.