Amri ya Tano Siku za Maradhi



Amri ya tano ya Mungu yakataza kuua. Wengi wakiisikia hukumbuka panga na bunduki, ambavyo watu wa Masisi na Walikale wamevijua mno. Mtu husema, «Mimi sikumwaga damu,» akajiona ametimiza yote. Lakini Eklezia yafundisha kwamba amri hiyo yaamuru pia kuutunza uhai, wa mtu mwenyewe na wa jirani. Basi mtu aweza kuivunja bila silaha, hata kwa mkono wa salamu. Jambo hilo lilionekana wazi katika miji ya Kivu ya Kaskazini siku za Ebola.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na Beni. Ikaenea Beni na Butembo. Tarehe 14 Julai 2019 ilihakikishwa Goma, kwa msafiri aliyetoka Butembo kwa basi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule ikaonekana Pinga, katika Walikale. Tarehe 25 Juni 2020 ndipo ilipotangazwa kuwa imekwisha. Katika miezi hiyo karibu 23 waliugua watu 3,470, na 2,287 kati yao walikufa.

Yatazameni maisha ya mjini siku zile. Mama aliyeteremka kutoka Masisi na jibini au maharagwe yake, alipofika Goma alikuta ndoo za maji ya klori milangoni. Alinawa, akapimwa joto la mwili pajini, ndipo akaingia. Shuleni ilikuwa hivyo, kanisani hivyo, na mpakani pa Gisenyi hivyo. Marafiki walikutana wasishikane mikono. Waligusana viwiko tu. Katika Misa watu walitakiana amani bila kugusana. Aliyekaa karibu na mgonjwa aliangaliwa na wauguzi kila siku, muda wa siku 21. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa.

Siku za kwanza mtu hunawa kwa hofu. Baadaye hunawa kwa mazoea. Mwishowe huchoka, na uchovu huo ndio mlango wa ugonjwa. Ebola ilikuwa haijakwisha, na korona ikafika mwaka 2020, makanisa yakafungwa, na jamaa wakasali rozari nyumbani. Mwaka 2024 ugonjwa wa mpox uliingia katika kambi za wakimbizi kandokando ya Goma, walimosongamana watu wengi wa Masisi, ambao hata maji ya kunawa waliyapata kwa shida. Kwa hiyo uangalifu si kazi ya siku moja. Ni fadhila, nayo yataka saburi. Wazee walisema: Tahadhari kabla ya hatari.

Lakini neno zito kupita yote lilikuwa habari ya wafu. Desturi njema yataka ndugu wamwoshe maiti na kumkumbatia. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na Maandiko yamsifu Tobiti kwa ajili yake. Walakini mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana, hata mazishi ya mmoja yaliweza kuleta mazishi ya wengi. Hivyo wazikaji waliovaa mavazi ya kujikinga walikuja kumchukua marehemu, nao watoto wake wakasimama mbali wakilia.

Watu wengi walikasirika. Walikuwa wameona vita miaka mingi na msaada haukuwafikia. Sasa kwa ugonjwa mmoja magari yalikuja kwa wingi. Mashaka yao yalikuwa na asili. Lakini mashaka yakazaa uvumi, na uvumi ukazaa chuki. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun, aliuawa Butembo, naye alikuwa amekuja kuokoa watu. Tazameni jinsi uongo ulivyoivunja amri ya tano.

Je, asiyemgusa ndugu yake ameacha kumpenda? Sivyo. Luka Mwinjili asimulia habari za wakoma kumi waliosimama mbali wakapaza sauti. Bwana Yesu hakuwakemea kwa kusimama mbali. Aliwahurumia, nao wakatakasika wakiwa njiani. Umbali haukuizuia neema. Vivyo hivyo Mtakatifu Karoli Boromeo, Askofu wa Milano, siku za tauni ya mwaka 1576: aliwatembelea wagonjwa, tena aliamuru altare zijengwe njiani, ili waliofungiwa nyumbani waifuate Misa madirishani.

Ni kweli, Bwana alimgusa mkoma mwingine kwa mkono wake. Lakini yeye ni Bwana wa uhai. Mwanadamu asimjaribu Mungu. Tena Mungu hutoa mikono wakati wake. Beni na Butembo walikuwapo watoto wachanga ambao mama zao walilazwa, na hakuna aliyethubutu kuwapakata. Ndipo wakaja watu waliougua Ebola wakapona, wenye kinga mwilini mwao. Hao waliwabeba, wakawalisha, wakawabembeleza. Waliokimbiwa jana wakawa mama na baba wa wadogo. Mateso yao yakageuka kuwa zawadi.

Basi kijijini, ugonjwa wa namna hiyo ukija, mkristo na anawe kwa maji na sabuni. Asimfiche mgonjwa nyumbani. Asieneze neno asilolijua. Ampelekee jirani aliyetengwa chakula mpaka mlangoni, amsemeshe kwa mbali, amwombee. Na aliyepona amkaribishe.

MASWALI

1. Je, amri ya tano yakataza silaha tu?
Hapana. Yakataza pia kumhatarisha jirani kwa uzembe.

2. Je, ni dhambi kutomwosha maiti wa ugonjwa wa kuambukiza?
Si dhambi. Kumwombea na kumzika kwa heshima bila kumgusa ni tendo la huruma.

3. Mgonjwa asiyeweza kuguswa apendweje?
Apendwe kwa chakula, kwa neno jema na kwa sala.

Azimio la juma hili: Kila mkatekumeni amtafute mmoja anayeepukwa na watu kijijini, amtendee jema moja.