Maji ya Rupingazi, Kobalti ya Kolwezi

Mto Rupingazi huteremka kutoka Mlima Kenya, ukapita kando ya mji wa Embu, ukaungana na Thiba, na Thiba nao ukamwaga maji yake katika bwawa la Kamburu. Kuanzia hapo maji yale yale huzungusha mitambo mara nne, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kabla Mto Tana haujashika njia yake ndefu ya kwenda Bahari ya Hindi. Stima inayozaliwa huko huchanganyika na ile ya mvuke wa Olkaria na ya upepo wa Turkana, ikasafiri kwa nyaya, na sehemu yake ikarudi Embu na kupanda hadi Meru. Huko huingia kwenye soketi ya ukutani, na katika nyumba chache sana huingia ndani ya gari.

Nyumba hizo zina bahati ya aina yake. Mwenye gari la petroli hajui mafuta yake yalichimbwa kisima gani. Mwenye gari la umeme wa Embu anaweza kusimama darajani na kuyatazama maji yatakayomwendesha.

Mtu wa kipato cha kati anayeamua kununua gari la namna hii kwa kawaida huangukia Nissan Leaf iliyotumika Japani. Usukani uko upande unaofaa, bei inafikika, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo siku hizi zinazoingia ni zile zenye betri ya uniti 40, yaani kilowati-saa 40. Zilizotangulia zilikuwa na uniti 24 au 30, na wengi walizinunua zikiwa tayari zimechoka. Mnunuzi mwerevu haangalii kwanza rangi wala viti. Anawasha gari na kuhesabu vijiti vya afya ya betri kwenye dashibodi. Betri nzima ina vijiti 12, na kila kimoja kinachopotea ni kilomita ambazo hazitarudi.

Baada ya miaka michache, mazoea huanza kusema ukweli ambao muuzaji hakuutaja. Hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, na padi za breki hudumu kupita matarajio. Lakini gari ni zito, na barabara za vijijini hazina huruma, basi bushi na shokomzoba huisha kama za gari lolote, pengine mapema zaidi. Betri ndogo ya volti 12 ikifa, gari zima hugoma hata kama ile kubwa imejaa pomoni. Betri kubwa ya Leaf haina kipoozaji cha maji, inategemea hewa tu. Hapa nyanda za juu zina neema yao, kwani joto ndilo linaloizeesha, na baridi ya Meru inaitunza kuliko jua la Mombasa.

Kuchaji kunahitaji subira. Soketi ya kawaida huipa betri ya uniti 40 usiku mzima na saa kadhaa juu yake. Kusafiri kilomita 100 kunakula uniti 15 hadi 17, hesabu ambayo mwenye kununua tokeni za stima huifanya kichwani akitabasamu akipita kituo cha mafuta. Kisha stima inakatika, kama ilivyokatika karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, na anakumbuka kwamba amehama utegemezi mmoja na kuingia mwingine.

Ila safari inayomfanya alipende gari lake kwa dhati ni ile ya kutoka Embu kwenda Meru. Barabara inapinda na kukata mabonde yanayoteremka kutoka mlimani, na bonde linaloogopwa kuliko yote ni la Nithi, kati ya Chuka na Chogoria. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia hapo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kila dereva anayeshuka Nithi anajua kwamba breki ndizo roho yake. Kwenye Leaf anapeleka gia kwenye B, anainua mguu, na mota inageuka kuwa jenereta. Gari linashikwa na nguvu zake lenyewe bila padi kuungua, mshale wa umeme unaelekea upande wa kujaza, na asilimia zinaacha kushuka. Gari la kilo 1,600 likiteremka mita 100 linaweza kurudisha karibu theluthi moja ya uniti. Ni kidogo, kilomita moja na nusu au mbili hivi. Lakini kupanda mlima upande wa pili kwa nguvu iliyookolewa wakati wa kushuka ni jambo linalomgusa mtu, hasa mtu aliyelelewa kuamini kwamba kupoteza neema ni dhambi.

Hapo ndipo gari linapoingia katika mambo ya imani. Eneo hili limejaa makanisa. Wamethodisti wako Kaaga tangu 1912, Wapresbiteri waliijenga hospitali ya Chogoria, Waanglikana wana mizizi Kigari, Wakatoliki wako Nkubu na kwingi kwingine, na misikiti ina waumini wake mijini. Mwaka 2015 Papa Francis alitoa waraka wake wa *Laudato Si'* kuhusu kuitunza dunia kama nyumba ya wote, na miezi michache baadaye akafika Nairobi mwenyewe. Tangu hapo kutunza mazingira ni mada ya mimbarini. Gari lisilotoa moshi linaonekana kama mahubiri yanayotembea, na mwenyewe huanza kuitwa mtu msafi. Kwa upande mmoja sifa hiyo ni ya haki, maana karibu tisa ya kila uniti kumi za umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua.

Je, kitu kikiwa safi mikononi mwangu, nina wajibu wa kuuliza kilipita mikono ya nani kabla ya kunifikia? Na nikianza kuuliza, nisimamie wapi?

Swali hili ni la kale kuliko injini. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu nyama ya sokoni, ambayo huenda ilikuwa imetolewa kafara kwa sanamu. Aliwaambia wale bila kuhojihoji kwa ajili ya dhamiri. Lakini mtu akikujulisha kwamba nyama hii ni ya kafara, basi iache, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekujulisha. Karne nyingi baadaye Imamu Ghazali, katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, alitenga sehemu nzima ya halali na haramu. Alipanga uchaji katika daraja nne, akachambua ni lini mtu analazimika kuchunguza mali ilikotoka na ni lini kuchunguza huko kunageuka wasiwasi unaomtesa mja bure na kumvunjia heshima mwenyeji wake.

Wote wawili wanakataa dini ya upelelezi, na wote wawili wanakataa pia ujinga wa makusudi. Ukishajua, au dalili zikiwa mbele yako, mlango wa kutouliza umefungwa. Mwenye gari la umeme Embu ana dalili mbele yake kuliko mtu yeyote.

Aende mashariki kidogo, ashuke Mbeere. Kindaruma lilianza kuzalisha umeme 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa miaka mingi mabwawa haya ya Tana ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa umeme wa Kenya, na viwanda vya Nairobi vilikua juu ya mgongo huo. Kiambere lilipojazwa maji, familia nyingi zilihama. Utafiti ulionukuliwa na Michael Cernea, mwanasosholojia wa Benki ya Dunia aliyesoma uhamishaji wa watu duniani kote, ulionyesha kwamba wastani wa shamba la waliohamishwa ulishuka kutoka hekta 13 hadi 6. Mifugo yao ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na mavuno ya mahindi kwa hekta yalianguka kwa asilimia 68, ya maharagwe kwa asilimia 75. Nyuma ya tarakimu hizo wapo wazee walio hai leo.

Nyaya zilipita juu ya vichwa vya wengi wao kwa miongo kabla ya kuteremka kwenye paa la nyumba. Mtu alichuja maji ya mto na kuwasha koroboi huku nguzo kubwa za chuma zikipeleka nuru kwa wengine. Malalamiko ya watu wa Mbeere kuhusu jambo hili hayajawahi kuwa siri, na wanasiasa wa Embu wameyabeba kila uchaguzi. Muswada wa kugawana manufaa ya maliasili umeingia Bungeni zaidi ya mara moja tangu 2014, na kila mara umekwama.

Basi uniti ile inayoingia kwenye gari usiku ina wadai, na wadai hao si watu wa mbali. Ni wateja wa duka moja, huenda ni waumini wa dayosisi moja.

Kisha kuna betri yenyewe. Betri nyingi za magari haya, ya Leaf ya uniti 40 ikiwemo, zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya theluthi mbili, huchimbwa Kongo, hasa ukanda wa Kolwezi. Migodi mikubwa hutumia mashine. Pembeni yake kuna wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa kamba na sururu. Katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, watu walipogundua madini chini ya nyumba zao walianza kuchimba humo humo, sebuleni na uani. Ripoti ya Amnesty International ya 2016 ilieleza kuhusu watoto wanaookota, wanaoosha na kubeba mawe hayo. Na lugha inayosikika Kolwezi ni Kiswahili. Kina lafudhi yake na maneno yake, lakini mtoto anayeomba maji kwenye kingo za shimo anayaomba kwa maneno ambayo mkulima wa miraa wa Maua angeyaelewa bila mkalimani. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na ni kweli kwamba mtu wa Meru hana nguvu juu ya mgodi wa Kolwezi. Ila umbali huu ni mfupi kuliko ramani inavyodai.

Msomaji anaweza kuuliza, na ni haki yake: mbona hatukuyauliza haya kuhusu petroli? Ken Saro-Wiwa alinyongwa Nigeria tarehe 10 Novemba 1995 baada ya kupigania ardhi ya Ogoni iliyoharibiwa na mafuta, na siku iliyofuata madereva wa Meru walijaza tanki kama kawaida. Kumdai mwenye gari la umeme usafi ambao hakuna aliyewahi kumdai mwenye Toyota Probox ya petroli ni dhuluma. Hata hivyo jibu la dhuluma hiyo ni kumuuliza na mwenye Probox, wala si kunyamaza kwa wote wawili.

Yupo mtu aliyelipeleka swali hili mwisho wa barabara. John Woolman, Mkweka wa New Jersey, aliacha sukari kwa sababu ilipita mikononi mwa watumwa. Alipofika Uingereza 1772 alikataa kupanda magari ya farasi ya abiria, kwa kuwa farasi na vijana wa posta waliteswa ili safari iwe ya haraka. Alitembea kwa miguu kutoka London hadi York, akafia huko kwa ndui. Wakweka wa Kenya, na ni wengi sana magharibi mwa nchi, ni wa ukoo huo wa imani. Mtu anamheshimu Woolman kwa moyo wote, na bado mwenye mama mgonjwa Chuka na ibada Embu Jumapili hawezi kuishi hivyo. Gari lazima liwepo, na gari lolote atakalochagua lina deni ndani yake.

Kilichobaki ni kuliheshimu deni kama deni, yaani kulijua, kulitaja na kulilipa pale mkono unapofika. Kununua betri ya aina ya chuma na fosfeti, ambayo haina kobalti kabisa, ni hatua nzuri, na magari mengi ya Kichina huja nayo. Lakini hatua hiyo pekee haimwachi huru. Mnunuzi akiikimbia kobalti, mchimbaji wa Kasulo hapati shule wala hospitali kwa sababu hiyo, anapata bei iliyoanguka. Mwaka 2025 serikali ya Kongo ilifikia hatua ya kusimamisha usafirishaji wa kobalti nje, kisha ikaweka viwango, kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka. Kwa Kolwezi, mkono wa mtu wa Meru haufiki mbali zaidi ya kuuliza swali dukani na kukataa kusahau.

Mbeere mkono wake unafika. Betri ya uniti 24 iliyobakiza asilimia 60 haifai tena kwa mabonde ya Nithi, lakini bado inashika uniti 14 hivi, na nyumba ya kijijini yenye taa, redio na simu haitumii hata uniti moja kwa siku. Moduli zake 48 zinaweza kufunguliwa na fundi anayejua hatari yake na kuunganishwa upya na paneli za sola. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 tayari inamtaka mwenye kuingiza bidhaa nchini awajibike hadi mwisho wa maisha ya bidhaa hiyo. Kuna pia muswada ule uliokwama. Mwenye Leaf ya Embu ni mpiga kura, mara nyingi ni msomi, mara nyingi anasikilizwa kanisani au msikitini, na mbunge wake hupita kuomba kura kila miaka 5. Anaweza kumuuliza, mbele ya watu, ni lini watu wa Kiambere watalipwa.