Jengo la Córdoba na Haki ya Mshindi

Ushindi ni jambo kubwa machoni pa walimwengu, lakini si kila lililo katika uwezo wa mshindi limo katika haki yake. Upanga huweza kutwaa mji kwa siku moja. Hauwezi kuwa mwanzilishi wa kazi iliyofanywa kwa karne nyingi na mikono ya watu waliokwisha kufa. Basi huzuka swali: mtu apatapo kwa nguvu kitu kizuri asichokijenga, je, amepata mali au amepokea amana? Mali humpa ruhusa ya kukitenda apendavyo. Amana humfunga mikono, humtaka akitunze kwa ajili ya wengine. Tofauti ya maneno hayo mawili ni nyepesi kutamka, lakini katika mji wa Córdoba, kusini mwa Hispania, imeandikwa kwa mawe.

Abdurahman, mwana wa ukoo wa Bani Umayya ulioangushwa huko Shamu mwaka 750, aliingia Hispania akiwa mkimbizi, na mwaka 756 akawa amiri wa Córdoba. Yapata mwaka 785 alianza kujenga msikiti mkuu. Nguzo zake nyingi hazikuchongwa upya. Zilitwaliwa katika majengo ya kale ya Warumi na ya Wavisigothi. Kwa kuwa zilikuwa fupi, waashi walijenga juu yake matao ya safu mbili, tao juu ya tao, kwa matofali mekundu na mawe meupe yakipokezana. Warithi wake waliupanua mara tatu, hata mwisho wa karne ya 10 ukawa miongoni mwa misikiti mikubwa kupita yote duniani. Al-Hakam wa Pili alipopamba mihrabu, inasimuliwa kuwa kaisari Mkristo wa Konstantinopoli alimpelekea fundi na vijiwe vya rangi na dhahabu. Jengo hili, basi, tangu mwanzo halikuwa la mkono mmoja. Nguzo ya Mrumi ilibeba tao la Mwislamu, na ufundi wa Mkristo ulipamba mahali pa kuelekea kibla.

Haki yataka isemwe vilevile kuwa waliojenga hawakuwa malaika. Mwaka 997 Al-Mansur, waziri mwenye nguvu wa Córdoba, aliuteka mji wa Santiago de Compostela. Masimulizi ya kale yasema kuwa kengele za kanisa la huko zilibebwa mabegani mwa mateka Wakristo hata Córdoba, zikatundikwa msikitini kuwa taa. Mwaka 1236 mfalme Fernando wa Tatu wa Castilla alipoutwaa mji, yasemwa aliamuru kengele zizo hizo zirudishwe mabegani mwa Waislamu. Atakayefurahia safari moja na kuihuzunikia nyingine hapimi kwa mizani ya haki. Apima kwa mizani ya kabila lake. Kengele haikuwa nzito zaidi kwa bega la huyu kuliko la yule.

Lakini Fernando, aliyelipiza kwa kengele, hakulipiza kwa jengo. Msikiti uliwekwa wakfu kuwa kanisa, na kwa muda wa karibu miaka 300 Wakristo walisali chini ya matao yale yale. Makanisa madogo yaliongezwa pembeni, na kabla ya mwaka 1500 nguzo kadhaa ziliondolewa kupisha ukumbi wa ibada. Hata hivyo msitu wa nguzo ulibaki msitu. Ilionekana kuwa dini yaweza kubadilika ndani ya nyumba pasipo nyumba kuvunjwa.

Mwaka 1523 mambo yaligeuka. Askofu Alonso Manrique na mapadri wa kanisa kuu walitaka kujenga kanisa refu katikati kabisa ya jengo. Baraza la mji lilikataa, likatangaza adhabu ya kifo kwa mwashi yeyote atakayethubutu kubomoa. Jambo hili lastahili kufikiriwa sana. Waislamu wa Castilla walikuwa wamelazimishwa tangu mwaka 1502 kubatizwa au kuhama. Hapakuwa na Mwislamu aliyeweza kusimama hadharani kuutetea msikiti wa babu zake. Waliousimamia walikuwa Wakristo, wajukuu wa washindi. Hawakutetea dini yao wala mali yao. Walitetea kitu kilichokuwa kizuri, ambacho mikono ya binadamu isingeweza kukirudisha kikishavunjwa.

Shauri lilipelekwa kwa Carlos V, mfalme na kaisari, naye akawapa mapadri ruhusa. Nyundo zikaanza kazi. Inasimuliwa kuwa alipofika Córdoba mwaka 1526 akaona lililotendeka alisikitika, akawaambia kuwa wamejenga kinachoweza kujengwa popote, na kwa ajili yake wameharibu kisichokuwa na mfano duniani. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja baada ya nguzo kulala. Tena, kama majuto hayo yalikuwa ya kweli, hayakuishi maisha marefu: mwaka 1527 Carlos yule yule alianza kujengewa jumba lake la mtindo mpya ndani ya Alhambra ya Granada, katikati ya kasri walizoziacha wafalme Waislamu. Mtu hujua kosa likiwa la mwingine. Likiwa lake huliita haja.

Wako wasemao kuwa kanisa lile ndilo lililouokoa msikiti. Hoja yao si ya kudharauliwa. Huko Sevilla msikiti mkuu ulibomolewa katika karne ya 15 ili kanisa kuu lijengwe, ukasalia ua na mnara uitwao Giralda. Córdoba imebakiwa na nguzo zaidi ya 850. Huenda bila kanisa katikati yake jengo lingeachwa likaanguka, au lingebomolewa lote. Hata hivyo jeraha lililozuia kifo halikuacha kuwa jeraha, na mwenye kisu hawezi kudai shukrani kwa sababu hakukata shingo.

Lakini hoja hiyo ina mafunzo kwa upande wa pili pia. Kanisa lililoanzwa mwaka 1523 lilichukua zaidi ya miaka 80 kumalizika. Nalo ni jasho la waashi na wachongaji, nalo ni zuri, nalo limezeeka. Mtu akisimama leo aseme ling'olewe ili msikiti urudi ulivyokuwa, atakuwa amevaa joho la askofu Manrique. Kosa la kale haliponywi kwa kurudiwa kinyumenyume.

Shauri halijaisha. UNESCO ililitia jengo hili katika urithi wa dunia mwaka 1984. Mwaka 2006 dayosisi ya Córdoba iliandikisha umiliki wake kwa ada ya yuro 30, na mabishano yakazuka kama kitu cha namna hiyo chaweza kuwa na mwenyewe. Waislamu waliomba waruhusiwe kuswali humo wakakataliwa. Hata juu ya jina watu hugombana: liitwe kanisa kuu, au msikiti, au yote mawili. Kila upande huleta hati na tarehe zake, na kila tarehe ina tarehe nyingine iliyoitangulia.

Mwezi wa Agosti 2025 moto uliwaka ndani ya jengo hilo, ukaharibu sehemu ndogo kabla ya kuzimwa. Moto haukusoma hati yoyote. Hofu ya usiku ule iliwapata Wakristo, Waislamu na wasio na dini, nayo ilijibu swali vizuri kuliko daftari la umiliki. Mwenye ufunguo na aitwe mwenyewe kwa sheria. Lakini kwa maadili yeye ni mlinzi aliyepokea zamu kwa walinzi wengine, naye atapimwa kwa kile atakachokikabidhi.