Fleti ya Dar es Salaam, mirathi ya Musoma: Nani kakuruhusu?



Je, inafaa mtu kuchukua mali ya watu akawafanyia jambo jema kwa mali yao hiyo hiyo, bila ya kuwauliza? Ukiulizwa hivi ghafla, bila shaka utajibu haraka kwamba haifai. Nami nilikuwa na jibu hilo hilo. Lakini nilipokutana na swali hili likiwa na sura ya kijana ninayempenda, nilijikuta nasita. Hebu nikusimulie, kisha upime mwenyewe.

Kijana huyu ni mtoto wa marehemu rafiki yangu wa pale Musoma. Amefanya kazi Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka kumi, na muda wote huo ni mpangaji. Kila mwaka kodi inapanda, na mara mbili amehamishwa kwa sababu mwenye nyumba ameamua kuuza. Akaniomba nimsindikize kutafuta fleti ya kununua, maana, kama alivyosema, "Baba mdogo, dalali akiona mtu mzima anapunguza uongo."

Jumamosi tatu tulizunguka na dalali Upanga, Kinondoni na Mikocheni. Tulioneshwa sebule zenye vigae vinavyong'aa, majiko yenye makabati ukutani, vyumba vyenye choo ndani, lifti, jenereta, tangi la maji na mlinzi getini. Sehemu nyingine tulioneshwa shimo na picha, tukaambiwa tulipie sasa, jengo litakuja. Hapo kijana alikataa, na alifanya vyema. Hata miradi mikubwa ya Shirika la Nyumba la Taifa, ule wa Morocco Square na ule wa Kawe, ilisimama mwaka 2018 kabla ya kuja kuendelezwa tena. Anayenunua kitu kisichokuwepo anatakiwa awe na mkataba unaoeleza wazi nini kitajengwa, lini na kwa bei gani, ili asiingie katika gharar, yaani biashara ya kubahatisha.

Hatimaye tukapata fleti ya vyumba vitatu, ghorofa ya nne, bei yake zaidi ya shilingi milioni 200. Kijana akaanza kumhoji muuzaji, nami nikamsikiliza kwa fahari. Aliuliza kama kuna hati ya sehemu ya jengo kwa mujibu wa sheria Na. 16 ya mwaka 2008. Aliuliza muda uliobaki katika hati ya ardhi, kwani katika nchi yetu ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na sisi sote tunapewa haki ya kuitumia tu. Akauliza kuhusu umoja wa wamiliki na michango ya kila mwezi.

Kisha akauliza swali lililonifurahisha zaidi. Alisema: "Hii nafasi ya chini karibu na ngazi, naona mtu ameizungushia ukuta. Ameuziwa na nani?" Muuzaji akacheka, akasema ni jirani mmoja tu, hana neno. Kijana akamjibu kwa ukali: "Ngazi, paa na uwanja ni mali ya wote. Hakuna mwenye fleti mmoja awezaye kuuza kilicho cha wote. Hata kama ni mwenyekiti wao."

Ndugu msomaji, yashike maneno hayo.

Tulipotoka tukakaa mahali tunywe maji ya miwa. Nikamuuliza amejiandaaje na malipo. Akaniambia bila wasiwasi: "Malipo ya kwanza yapo, baba mdogo. Ile nyumba ya mzee Musoma nimeshapata mteja. Anatoa milioni 80."

Nikamuuliza, mirathi imeshagawanywa? Akasema bado, lakini yeye ndiye msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, na ndugu zake "hawana neno". Neno lile lile la muuzaji wa fleti!

Sasa, tusimhukumu haraka, kwani hoja zake si za mtu mwizi. Alisema nyumba ile inachakaa, upepo wa ziwa umekula mabati, na kodi ya vyumba viwili vilivyopangishwa haitoshi hata kuitengeneza. Alisema fleti ya Dar es Salaam itapanda thamani, na baadaye atamlipa kila mtu haki yake, tena kwa ziada. Alisema mama akija kutibiwa Muhimbili atakuwa na pa kufikia. Na akaongeza kwamba ni yeye aliyewasomesha wadogo zake, wakati kaka yake mkubwa haonekani. Je, mtu kama huyu hastahili kuaminiwa?

Nilitafuta kalamu na karatasi. Marehemu ameacha wajane wawili, mmoja anaishi katika nyumba hiyo ya Musoma na mwingine yuko Bunda. Ameacha watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu. Wazazi wake walitangulia. Hana deni wala wasia. Kwa mujibu wa Suratun Nisaa, wajane wana thumni moja, wanagawana. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume fungu la wa kike wawili. Katika milioni 80, kila mjane ana milioni 5, kila binti milioni 10, na kila mtoto wa kiume milioni 20.

Nikamwonesha. Katika fedha zile, zake ni milioni 20. Milioni 60 ni za watu sita wengine, na hakuna hata mmoja wao aliyepanda ngazi zile pamoja nasi.

Alitazama karatasi kwa muda, kisha akasema: "Basi nimewakopa." Hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe. Mkopo ni makubaliano ya watu wawili. Anayekopa bila mkopeshaji kujua hajakopa, amechukua, na nia yake ya kurudisha haibadilishi jina la alichokifanya. Nia njema inaweza kuifanya halali ikawa ibada. Haiwezi kuifanya haramu ikawa halali. Na msimamizi wa mirathi ni mtu aliyewekewa amana. Karatasi ya mahakama inampa mamlaka ya kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Haimpi umiliki. Yeye ni kama yule mwenyekiti wa wenye fleti, anashika funguo za ngazi lakini ngazi si yake.

"Lakini hawana neno," akarudia. Hivi kweli kunyamaza ni kuridhia? Tunaotoka Mara tunajua dada ananyamaza kwa nini. Binti anayedai urithi kwa kaka yake huitwa mchoyo, huambiwa ameshaolewa na ana kwake. Naye anajua kwamba siku ndoa ikimshinda, mlango atakaobisha ni wa kaka huyo huyo. Kwa hiyo anapima: afadhali akose milioni 10 kuliko akose kaka. Huko si kuridhia, ndugu zangu. Ni hofu iliyovaa nguo ya adabu. Wanazuoni wetu wametuonya kwa ukali juu ya mali inayochukuliwa kwa kumtia mtu haya, kwani mkono umetoa lakini nafsi haikutoa.

Na ile karo aliyowalipia wadogo zake? Nikamuuliza: siku ile ulipotoa, ulitoa kama zawadi au ulikopesha? Akasema alitoa kwa ajili ya Allah. Basi, nikamwambia, ujira wake uko kwa Allah. Ukiukata leo katika fungu la dada yako, utakuwa umeiuza sadaka yako mwenyewe.

Hapana shaka Uislamu haumkatazi mtu nyumba nzuri. Mtume (S.A.W.) ameitaja nyumba yenye nafasi kuwa miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu, pamoja na jirani mwema. Lakini ni Mtume huyo huyo aliyetuhadharisha kwamba mwenye kuchukua ardhi ya mwenziwe kwa dhulma, hata shubiri moja, siku ya Kiyama atavishwa shingoni kutoka ardhi saba. Na katika mali ya ushirika ambayo haijagawanywa, alihukumu haki ya shuf'a: mshirika akitaka kuuza fungu lake, mshirika mwenzake ndiye mwenye haki ya kulinunua kabla ya mgeni. Dada aliyeko Butiama, ambaye mumewe ana duka, huenda angetaka kuinunua nyumba ya baba yake. Nani alimuuliza?

Nimeitaja Butiama, na siwezi kuipita bila kukumbuka jambo linalofanana na hili kwa kiwango cha taifa. Mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 alitaka kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo. Nyumba zilizopangishwa zenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi zikachukuliwa na serikali, na lile lililokuwa na zaidi ya miaka kumi mwenyewe hakulipwa fidia. Waliotunga sheria ile walisema nia yao ni njema: nyumba zitumikie watu, zisiwanyonye. Wapo wanaoamini hivyo hadi leo. Lakini kwa wazee waliojenga kwa jasho lao, jambo lililowauma zaidi ni kwamba hawakuulizwa.

Nikamuuliza kijana anaonaje sheria ile. Akasema bila kusita: "Ilikuwa dhulma." Vyema. Basi anayeiona kuwa ni dhulma serikali inapochukua nyumba ya mtu kwa nia njema, aiite jina hilo hilo anapofanya yeye kwa mjane wa Bunda. Dhulma haipungui kwa sababu mtendaji wake ni ndugu. Ukweli ni kwamba inazidi, maana serikali unaweza kuishtaki. Kaka yako utamshtaki vipi na mama yenu akiwa hai?

Kijana hakusema neno. Wiki mbili baadaye akapanda basi la Musoma.

Kilichotokea huko nilisimuliwa na yeye mwenyewe. Alipita Bunda akamchukua mama yake mdogo, akatuma nauli kwa dada wa Butiama, wakakutana wote katika sebule ya marehemu. Kaka mkubwa naye alikuja. Karatasi ya mafungu ikasomwa mbele ya imamu. Wawili walikubali nyumba iuzwe. Dada wa Butiama alisema angenunua, lakini kwa awamu. Mjane wa Musoma alisema jambo moja tu: kwamba katika nyumba ile ana mlango wa uani, na mahali pa kuoshea maiti, na pa kuweka jamvi watu wakija kwenye msiba. Akauliza kama huko ghorofa ya nne vipo. Hakuna aliyemjibu.

Na mdogo wao wa mwisho wa kike, yule aliyesomeshwa na kaka yake mpaka chuo, ndiye aliyelia. Akasema: "Kaka, kama ungeuza nisingekudai. Lakini nisingekuja kwako tena." Hapo ndipo kijana alipojua maana ya "hawana neno".

Wameamua nyumba isiuzwe kwa mgeni. Dada wa Butiama analipa mafungu ya wenziwe kidogo kidogo, na mjane anaendelea kukaa. Kijana ameshapokea sehemu ya milioni 20 zake, nyingine anaisubiri.

Sitaki kukudanganya, ndugu msomaji, kwamba mwisho wake ni wa raha tupu. Ile fleti ya ghorofa ya nne ilinunuliwa na mtu mwingine ndani ya mwezi mmoja. Bei zimezidi kupanda. Kijana bado ni mpangaji, na mkewe, ambaye naye ana haki ya kuchoka, hakufurahi. Nimemshauri azungumze na benki zinazotoa huduma bila riba, kwani leo zipo. Amana Bank ilifungua milango yake mwaka 2011 na nyingine zimefuata. Lakini hata huko lazima mtu awe na cha kuanzia, na cha kuanzia chake sasa ni kidogo.

Kwa hiyo tusiwaambie vijana wetu kwamba wakitenda haki watapata fleti nzuri zaidi. Pengine hawatapata. Haki ni deni tunalolipa, na anayelipa deni hutoka mfuko ukiwa mwepesi. Anachopata ni kwamba anaweza kulala, na dada yake anaweza kubisha mlango wake, hata kama mlango wenyewe ni wa kupanga.

Wewe unayetafuta nyumba mjini, uliza habari za hati, lifti na maji, ni haki yako na ni busara. Kisha jiulize na hili: katika fedha hizi nilizoshika, nani mwingine yumo, na je, amesema ndiyo kwa kinywa chake, au amenyamaza tu?

Wallahu a'lam.