Kalamu Iliyovikwa Dhahabu

Masomo: 2 Wakorintho 3:2–3, Filemoni 18–19



Neno letu la mwezi huu linahusu kalamu. Si kalamu ile tunayoiazima kanisani na kusahau kuirudisha, bali kalamu ya wino ya kule Japani, ambayo moja tu huweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Huenda mtu akauliza, "Hayo yatuhusu nini sisi?" Vumilieni kidogo.

Mwaka 1918, katika mji wa Tokyo, mhandisi Ryosuke Namiki na mwenzake Masao Wada walianzisha kampuni ya kalamu ambayo leo yajulikana kwa jina la Pilot. Siku zile mwili wa kalamu ulifanywa kwa eboniti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Kalamu ilipotoka kiwandani ilikuwa nyeusi yenye kung'aa, lakini ilipokaa sana juani weusi wake ulififia na mng'ao ukatoweka. Namiki alitafuta dawa ya kasoro hiyo, akaiona katika nchi yake mwenyewe: utomvu wa mti wa urushi, ambao Wajapani wameupaka vyombo vyao tangu zamani za kale. Basi kalamu ikapakwa urushi ili ilindwe, ndipo wakaja mafundi wa kuipamba. Mmoja wao alikuwa Gonroku Matsuda, ambaye mwaka 1955 taifa lake lilimpa heshima ya kuitwa Hazina Hai ya Taifa. Na mwaka 1930 kampuni ya Dunhill ya London ilipatana na Namiki kuziuza kalamu hizo ng'ambo.

Tazameni jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Mti hungojewa miaka kumi na zaidi, kisha gome lake hutiwa chale, nao hutoa kama gramu 200 tu za utomvu. Utomvu huo ukiwa mbichi huwasha na kuvimbisha ngozi. Fundi hupaka tabaka jembamba, hungoja likauke, hulisugua kwa mkaa, kisha hupaka tena. Baadaye huchora kwa brashi nyembamba, na kabla urushi haujakauka hunyunyizia vumbi la dhahabu kwa kijibomba. Ndiyo maana kazi hiyo huitwa maki-e, yaani picha ya kunyunyiza. Kalamu moja yaweza kuchukua miezi mingi.

Kutoka katika kazi hii tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kinga hutangulia pambo. Urushi uliwekwa juu ya kalamu kwa sababu kalamu ilikuwa dhaifu. Nasi ndivyo tulivyo. Siku ya ubatizo na siku ya Kipaimara tunang'aa, kisha miaka inapita na mng'ao wetu unafifia. Mtume Paulo awaambia Wagalatia ya kuwa waliobatizwa wamemvaa Kristo. Vazi hilo ndilo kinga yetu. Lakini wengi twataka pambo kabla ya kinga: twataka cheo katika halmashauri ya kanisa kabla ya kutubu, na nguo mpya ya Pasaka kabla ya kupatana na jirani.

Pili, urushi haukauki kama nguo. Ukiuweka penye hewa kavu ili kuuharakisha, hauwi mgumu. Wahitaji kuwekwa kabatini, mahali penye unyevu na joto la kadiri, na huko gizani ndiko unakopata nguvu. Tena iko njia moja ya maki-e ambayo fundi akiisha kuchora picha yake kwa dhahabu huifunika yote kwa urushi, isionekane hata kidogo. Kisha husugua polepole kwa mkaa mpaka dhahabu inatokea tena, imelala sawasawa na uso wa kalamu.

Ndugu yangu uliyefiwa, na wewe uliye kitandani mwezi wa tatu huu, neno hili ni lenu. Mtu asiyeijua kazi, akiingia wakati ule picha imefunikwa, atasema fundi ameiharibu. Usiseme kwamba Mungu amekufuta. Msuguo wa mkaa hauna raha, lakini mkono unaosugua ni ule ule uliochora.

Tatu, kalamu hufanywa ili iandike. Wako watakaosema dhahabu hiyo ingeuzwa wakapewa maskini. Tusiharakishe kusema hivyo, maana tunajua katika Yohana sura ya 12 ni nani aliyesema namna hiyo, na kwa nini. Kutoka 31 yatuambia kwamba Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya dhahabu na fedha. Hata mafundi wa Japani, mwishoni mwa karne ya 16, waliwafanyia wamisionari marufaa ya kuwekea kitabu cha Misa, yenye dhahabu, chaza na alama ya jina la Yesu, kabla serikali haijaipiga marufuku dini ya Kikristo nchini humo mwaka 1614. Uzuri si dhambi.

Hasara iko mahali pengine. Kalamu nyingi za namna hii hufungiwa makabatini, wala hazijaonja wino. Dhahabu iliyo nje haiandiki neno hata moja.

Sasa mtazameni Paulo kifungoni. Hakuwa na kalamu ya maki-e. Akaandika kwa ajili ya Onesimo, mtumwa aliyekimbia, na kwa mkono wake mwenyewe akajiandikia deni la mwenzake ili alilipe yeye. Kalamu yake haikuhifadhiwa popote, lakini barua ile twaisoma mpaka leo.

Je, kalamu yako imeandika nini? Yuko mjane anayezungushwa mwaka wa pili sasa kwa sababu shemeji amekataa kutia sahihi muhtasari wa kikao cha ukoo, asipate kwenda mahakamani kuomba mirathi ya watoto wake. Shemeji huyo huenda akawa mwimbaji mzuri, na jina lake likasomwa kila Jumapili ya mavuno. Wino umo mkononi mwake, naye hauachii. Na yuko mwingine asiyemwandikia ndugu yake tangu walipogombania shamba la marehemu baba. Kila mmoja wetu anaijua barua anayodaiwa. Aiandike juma hili, kabla hajaja kupokea Ushirika Mtakatifu.

Tuombe. Ee Bwana, Fundi wetu, utufunike kwa neema yako, utuvumilishe chini ya mkono wako, na ututumie kuandika rehema mioyoni mwa wenzetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.