Usimwache Mtu Wako Beer-sheba

Wanaume wenzangu, fungueni Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19, msome polepole. Mwanaume mtakayemkuta pale si goigoi. Ni Eliya. Muda si mrefu uliopita alisimama juu ya Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, akaomba, moto ukashuka. Akapiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha Yezebeli, mke wa Ahabu, anamtumia ujumbe kwamba atamtoa uhai, na shujaa yule yule anaishiwa nguvu. Anatoroka. Anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mretemu, anamwomba Mungu afe.

Tumehubiri sana habari za Karmeli. Za mretemu tunazipita haraka, kana kwamba zinamvunjia nabii heshima. Mimi nasema wanaume wengi wa leo wako chini ya mretemu, na leo sitoki hapo.

Tazameni Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Hakumwambia jikaze, wewe ni mwanaume. Hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Malaika alifika na mkate uliookwa kwenye makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na akaachwa alale! Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, akamwambia wazi kwamba safari iliyo mbele inamzidi nguvu. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuambiwa hivyo na mtu anayetupenda? Sisi tumekuzwa kwa maneno mengine. Piga moyo konde. Mwanaume halii. Kufa na tai shingoni. Na kweli tunakufa nayo: Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaojiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake.

Pita mtaani kwenu saa tatu usiku, utamwona. Amezima bodaboda nje ya geti la nyumba aliyopanga. Taa ya ndani inawaka, sauti za watoto anazisikia, lakini haingii. Amekaa juu ya pikipiki, helmeti bado iko kichwani, anasoma tena meseji ya mkopo wa kausha damu aliyoisoma mchana. Hesabu ya bosi leo siku ya tatu haijatimia. Mke akichungulia na kuuliza vipi baba, atajibu: safi tu. Pikipiki hiyo anaibadilishia oili kwa wakati, maana anajua injini isipotunzwa itamfia barabarani. Mwili wake je? Anaulaza saa nne kwa siku, asubuhi anaushtua kwa kinywaji cha kuongeza nguvu, jioni anauzimisha kwa pombe. Ndugu yangu, nani alikuambia kwamba huo ndio uanaume? Mungu aliyemlaza nabii wake hajakuagiza wewe ujiue kwa kazi. Lala! Kula chakula cha maana, ukiwa umekaa, na watoto wako mezani. Huo nao ni utii.

Lakini kabla ya mretemu kulikuwa na Beer-sheba. Mstari wa 3 unasema Eliya alimwacha pale mtumishi wake, akaenda mbele peke yake. Mimi naamini hatari ilianzia hapo. Mwanaume akizidiwa, kitu cha kwanza anachofanya ni kuwaondoa watu. Kijiweni haonekani tena. Simu ya kaka yake haipokei. Kwaya ameaga kwa kisingizio cha kazi, na kwenye kikoba anatuma hela tu, yeye mwenyewe haji. Nyumbani amegeuka mkali, anafoka kwa sababu ya chumvi, na familia inaona hasira wakati ndani yake kuna maumivu. Sonona ya mwanaume mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na ukali, na chupa, na usingizi uliopotea, na mgongo unaouma ambao vipimo havioneshi kitu.

Wewe uliyemwacha mtu wako Beer-sheba, rudi umchukue! Mtafute kaka, mtafute baba mdogo, mtafute rafiki mliyesoma naye, mwambie: nimezidiwa. Usiogope kwamba utajirudia. Kule Horebu, safari ile ilikomfikisha, Mungu alimuuliza Eliya swali lile lile mara mbili, Eliya akajibu maneno yale yale mara mbili, na mara zote mbili Mungu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsahihisha, maana Eliya alisema amebaki peke yake na kumbe wako 7,000. Halafu akampa mwenzake, Elisha mwana wa Shafati, mkulima aliyekuwa nyuma ya ng'ombe wake.

Na ugonjwa ukiwa ugonjwa, nenda hospitali. Sonona inatibika kwa dawa na kwa mazungumzo na mtaalamu. Najua tunavyoliogopa jina la Mirembe, namna tulivyoigeuza hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma kuwa tusi la kurushiana mtaani. Tuache! Anayetukana watu kwa jina la hospitali anawafungia wagonjwa mlango. Sheria nazo zimewafunga mdomo wengi: Kanuni ya Adhabu yetu Tanzania, kifungu cha 217, imeliandika jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Majirani zetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Mungu hakumfungulia Eliya kesi, na sisi tuache kuwafungulia waliochoka.

Sasa nawageukia ninyi, wachungaji na wazee wa kanisa. Mwanaume akija ofisini akasema amechoka kuishi, msimwombee dakika mbili mkaagana naye. Mketisheni. Muulizeni amekula nini leo na amelala lini. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitoa. Asilale peke yake usiku huo. Mpigieni ndugu yake aje, na kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho kiondolewe nyumbani. Asubuhi mfuatane naye hospitali ya wilaya au ya rufaa, mkae naye kwenye benchi hata foleni ikiwa ndefu, muingie naye kwa daktari akitaka. Na wiki inayofuata mrudi kwake bila kuitwa, kama malaika alivyorudi mara ya pili, na mwende na chakula.