Hakuna Atubuye kwa Niaba ya Mwenzake

Luka, katika Matendo ya Mitume, anawasifu Wayahudi wa Beroya kwa jambo ambalo wahubiri wengi wa leo wangeliita utovu wa adabu. Walimsikiliza Paulo kwa hamu, kisha kila siku wakayapekua Maandiko waone kama asemayo ni kweli. Aliyepimwa hapo ni mtume! Sioni basi ni mchungaji gani, awe na upako kiasi gani, ambaye neno lake lipokewe hivi hivi. Sababu imo ndani ya kuamini kwenyewe. Naweza kumwachia daktari ajue dawa kwa niaba yangu, nikainywa, nikapona. Lakini hakuna awezaye kutubu, kutumaini au kumpenda Mungu kwa niaba yangu.

Wapo watakaosema kwamba kila mtu akijipimia, kanisa litasambaratika na kila mwenye Biblia atajiita nabii. Hofu hiyo ina msingi, migawanyiko tunaiona. Lakini tuitazame Shakahola, kule Kilifi, Kenya, ambako tangu mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa maelezo ya wachunguzi, wengi wao walifunga hadi kufa wakitarajia kukutana na Yesu. Watoto hawakuwa na nafasi ya kuchagua, na hilo ndilo linaloumiza kuliko yote. Watu wazima je? Walioangamia hawakuponzwa na wingi wa maswali. Dhamiri zao zilikuwa zimekabidhiwa mhubiri wao, na aliyekwisha kukabidhi dhamiri hana tena cha kupimia. Tena kupima si lazima kuwe kwa upweke: enzi za Paulo magombo ya Maandiko yalikuwa ya gharama kubwa, yakitunzwa kwenye sinagogi, kwa hiyo watu wa Beroya yaelekea waliyachunguza pamoja.

Pingamizi zito zaidi limo katika kitabu hicho hicho cha Matendo. Towashi wa Kushi alikuwa akimsoma Isaya garini, na Filipo alipomuuliza kama anaelewa, alijibu kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza. Kweli, mwalimu anahitajika. Anayejidai kujifundisha yote mara nyingi hujisikiliza mwenyewe tu. Ila tusome hadi mwisho. Ni towashi aliyeyaona maji, akauliza ni nini kinachomzuia kubatizwa, akaamuru gari lisimame. Kisha Filipo akaondolewa, naye akaendelea na safari akifurahi. Mwalimu aliyefundisha vyema anaweza kuondoka, na imani ikabaki.

Hata imani iliyorithiwa nyumbani haidharauliwi. Paulo anaitaja kwa heshima imani iliyokaa kwanza ndani ya Loisi, bibi yake Timotheo, na Eunike, mama yake. Lakini papo hapo anamhimiza kijana huyo aichochee karama iliyo ndani yake mwenyewe, kwa maana bibi na mama walikwisha kufanya sehemu yao.